Jinsi ya kuielewa "get" bila kukariri kamusi nzima

Get. Mtu yeyote aliyewahi kushika daftari la Kiingereza atakwambia maana yake ni kupata, na kweli ndiyo maana ya kwanza tuliyofundishwa, alafu unakuja kukutana na mgeni anakwambia "I didn't get it", muvi inasema "get out of here", bosi anakuandikia "get back to me", tangazo la kazi linataka mtu anayeweza "to get along with others", ukiweka kupata kila mahali unabaki na sentensi ambazo hazina mbele wala nyuma. Na hapo wengi wanajiona vilaza wa lugha, jambo ambalo linaniuma kweli, kwasababu shida haiko kwenye akili zao. Shule zetu nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, ukifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla, mtoto anakaririshwa neno moja maana moja, na get inamsubiri mbele na maana zake kibao.

Nawaandikia hao, na watu wazima pia wanaojifunza kwa ajili ya kazi. Njia yenyewe ni hii: usiangalie get, angalia kinachokuja baada yake. Kikifuata kitu, get inafanya kazi moja, ikifuata sifa inafanya nyingine, likifuata jina la mahali nyingine tena. Na habari nzuri ni kwamba kazi hizo zote sisi tunazo tayari, ila tumezigawa, nyingine ziko kwenye vitenzi vyetu vya kawaida na nyingine tumezificha kwenye mkia wa kitenzi, ile -wa na -ka na -sha unayoitumia tangu mdogo bila kufikiria.

Kidogo tu kuhusu lilikotoka, maana inasaidia. Get siyo mzaliwa wa Uingereza. Ililetwa na Waviking, watu wa kaskazini kule Denmark na Norway, walioanza kuivamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 700 na baadaye wengine wakahamia moja kwa moja wakalima na kuoa huko huko. Kwao ilikuwa "geta", ikimaanisha kupata, kufikia, kuzaa, hata kuweza, na Iceland mpaka leo geta ndiyo kitenzi chao cha kuweza. Waingereza walikuwa na ndugu yake, ila yeye aliishi ndani ya maneno mengine tu, ndiye unayemwona kwenye forget, na kwenye begat ya Biblia yao ya zamani, pale Ibrahimu akamzaa Isaka. Kwahiyo kupata, kufika na kuweza vilikuwa pamoja tangu mwanzo, hakuna mtu aliyekaa akapanga kukuchanganya.

Kikifuata kitu

Hapa ndipo kupata kwetu kunafanya kazi, ila kunatanuka kidogo. "I got a letter" ni nimepokea barua. "Get some milk on your way home" ni nunua maziwa ukiwa unarudi. "Get me a chair" ni niletee kiti. "He got malaria" ameugua malaria. Ukiangalia vizuri zote ni kitu kuingia mikononi mwa mtu au mwilini mwake, kwa kununua, kuletewa, kupokea au kuambukizwa, na muktadha ndio unaochagua.

Kuna mbili za kushika. Mlango ukigongwa au simu ikilia mtu akisema "I'll get it", anamaanisha ngoja niende mimi, nafungua mimi au napokea mimi. Mkiwa mmemaliza kula bili ikaletwa mtu akasema "I'll get this", analipa yeye, kwahiyo mshukuru tu, usianze kumuuliza anachukua nini.

Alafu kuna ile ya kuelewa, "I don't get it", sielewi. Hii watu wanaiona ngeni wakati sisi tunaisema kila siku! Mtu anakueleza jambo kwenye simu katikati anauliza "unanipata?", unajibu "nimekupata". Ndiyo hiyo hiyo, "do you get me?", "I get you". Utani usipokuingia unasema "I don't get the joke". Na "don't get me wrong" ni usinielewe vibaya, unaiweka kabla ya kusema jambo ambalo linaweza kumkwaza mtu.

Ikifuata sifa

Sehemu hii naomba uisome polepole, mimi naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Get ikifuatwa na neno la sifa kama old, wet, angry, tired, dark, maana yake ni kuingia kwenye hali hiyo. Kiswahili chetu hapa ni tajiri, hatuhitaji maneno mawili, tunacho kitenzi kimoja kimekamilika. Get old ni kuzeeka. Get wet ni kulowa. Get angry kukasirika, get tired kuchoka, get drunk kulewa, get fat kunenepa, get lost kupotea, get dressed kuvaa, get ready kujiandaa, get used to kuzoea. "It's getting dark" giza linaingia. "Get well soon" ndiyo ile ugua pole yetu. Kwahiyo unapotafsiri usianze kutafuta kuwa, kuwa mlevi, kuwa mzee, tafuta kitenzi chake, karibu kila mara kipo.

Sasa swali ambalo kila mwanafunzi anauliza: kuna tofauti gani kati ya "he is drunk" na "he is getting drunk"? Sikiliza Kiswahili chako. Amelewa. Analewa. Basi, jibu limeshatoka. Ile -me- yetu, amelewa, amechoka, amevaa, imelowa, ni hali ambayo mtu tayari yumo ndani, na Kiingereza kwenye hali wanatumia be, "he is drunk, he is tired, she is dressed, it is wet". Ile -na-, analewa, anachoka, anavaa, inalowa, mtu yuko njiani kuelekea kwenye hali, na hapo wanatumia getting. Chukua simu iliyosahaulika nje mvua ikiwa inanyesha. Ukipiga kelele "simu inalowa!" bado inaokoleka, kimbia, ni "the phone is getting wet". Ukisema "simu imelowa" imeshaisha hiyo, anza kutafuta fundi, ni "the phone is wet".

Jaribu na nyingine mwenyewe. Nimezoea, "I'm used to it". Naanza kuzoea, "I'm getting used to it". Chakula kimepoa, "the food is cold". Chakula kinapoa, njoo ule, "the food is getting cold". Watu wanaokosea hapa wanasema "the food is cold, come" wakitaka kusema kinapoa, na mgeni anashangaa kwanini anaitwa kula chakula ambacho kimeshapoa.

Angalizo moja, "get lost" ikisemwa kama amri ni tusi, potelea mbali. "I got lost" haina tatizo, nilipotea njia. Kwahiyo usimwambie mtalii "don't worry, get lost" ukitaka kumwambia ajisikie huru kuzunguka mtaani.

Likifuata jina la mahali

Hapa get ni kufika. "I got to Dodoma at noon", nilifika Dodoma saa sita mchana. "How do I get to Kariakoo?", nafikaje Kariakoo, na hii ni bora kuliko "how do I go to Kariakoo" unapouliza njia. Kanuni ya kushika ni kwamba home, here na there hazitaki ile to. Ni "I got home", siyo "I got to home". Ni "when did you get here?", siyo "get to here".

Na kuna kitu cha kwetu nakipenda, ile meseji ya "have you reached?" tunayomtumia ndugu aliyesafiri. Huku Afrika Mashariki kila mtu anaelewa na sioni ubaya wowote tukiandikiana wenyewe. Ila ukiongea na Mwingereza au Mmarekani yeye akisikia reach anasubiri utaje mahali palipofikiwa, usipotaja anaona sentensi imekatika, kwao umefika ni "did you get there OK?" au "did you get home safe?" Ukiwa kwenye kazi ya utalii au unaongea na mteja wa nje tumia hiyo.

"We're getting there" nayo utaisikia sana, hata kama hakuna mtu anayesafiri. Fundi akiulizwa kazi imefikia wapi akajibu hivyo anamaanisha bado haijaisha ila tunaelekea kumaliza.

Kwenye vyombo vya usafiri sasa, on na off au in na out? Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake ni on na off: basi, daladala, treni, ndege, meli, pantoni la Kigamboni. Chombo unachokipanda kwa kutanua miguu nacho ni on na off, baiskeli, bodaboda, punda, farasi. Chombo ambacho unainama unaingia unakaa hapo hapo ni in na out, gari dogo, teksi, bajaji, mtumbwi. Kwahiyo unamwambia mgeni "get on the daladala here and get off at Mwenge", ila akiwa kwenye bajaji ni "get out here". Na mtu akisema "I get off at five" bila kutaja gari anamaanisha anatoka kazini saa kumi na moja jioni, siyo saa tano, hiyo ya saa nayo imeshawakosesha watu miadi.

Kikifuata kitenzi cha safu ya tatu

Unakumbuka zile safu za ubaoni, go went gone, steal stole stolen, pay paid paid? Get ikifuatwa na neno la safu ya tatu ni kauli ya kutendwa, ile -wa yetu. "He got fired", amefukuzwa kazi. "She got promoted", amepandishwa cheo. "I got paid", nimelipwa. "They got arrested", wamekamatwa. Watu wakiongea wanaipenda kuliko "was fired, was arrested", hasa kwa jambo lililomtokea mtu ghafla au baya, au la bahati.

Tatizo letu kubwa liko hapa, kuibiwa. Kiswahili kinaturuhusu kusema "nimeibiwa simu", mtu anatafsiri hivyo hivyo, "I was stolen my phone". Kiingereza hakina njia hiyo kabisa. Kwao "I was stolen" ni wewe mwenyewe ndiye uliyeibwa, umebebwa umepelekwa. Sema "my phone got stolen", au "someone stole my phone", au ukitaka kuanza na mimi, "I got my phone stolen". Au tumia robbed, "I got robbed", hapo mtu ndiye anayeibiwa, ila wanaposikia robbed wanafikiria kukabwa au kutishwa. Kama unaandika maelezo polisi au kwenye kampuni ya bima hii tofauti inaweza kukugharimu, kwahiyo ishike.

Ile "I got my phone stolen" imefanana na "I got my phone fixed", na hii ya pili ni dhahabu. Kitu kinakaa katikati, kitenzi cha safu ya tatu kinafuata, na maana yake nimefanyiwa na mtu mwingine, fundi, kinyozi, msusi. "I got my hair cut" nimenyolewa. "I got my hair braided" nimesukwa. "I need to get my shoes repaired" nahitaji kushonewa viatu. Wengi wetu tunasema "I have cut my hair" tukitoka saluni, na msikilizaji anaelewa umeshika mkasi au mashine ukajinyoa mwenyewe mbele ya kioo. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri tu, nimejinyoa na nimenyolewa, basi na Kiingereza kipe heshima hiyo.

Na ndoa. "They got married", wameoana. Kiswahili kinaweka wazi nani ameoa nani ameolewa, Kiingereza hakijali, wote wawili "got married", mwanaume "got married to her", mwanamke "got married to him". Shika hiyo to. Watu wanasema "she got married by Juma" kwasababu ya ile "ameolewa na Juma", kumbe kwao "married by" ni yule aliyefungisha ndoa, sheikh au mchungaji au msajili wa ndoa! Na "married with" hutumika zaidi kwenye "married with two children", yaani ana ndoa na ana watoto wawili.

Akifuata mtu, alafu to

"Get him to sign" ni kauli ya kutendesha, mfanye asaini. Ila get hapa ina jasho ndani yake, kuna kubembeleza, kushawishi, kumzunguka mtu mpaka akubali. "I got my father to agree" ni nilimshawishi baba mpaka akakubali. Ukisema "I made my father agree" umemlazimisha, na kwa baba hiyo inasikika vibaya. "I had the driver wait" ni ulimwagiza tu dereva asubiri na akasubiri kwasababu ndiyo kazi yake. Umeona hizo tatu, kushawishi ni get, kulazimisha ni make, kuagiza ni have, na ni get peke yake inayotaka to. "Made him to agree" ni kosa ambalo naliona hata kwenye barua za ofisini.

Hata vitu visivyo na akili vinabembelezwa. "I couldn't get the car to start", gari liligoma kuwaka. "I can't get the file to open", faili linakataa kufunguka.

Got, gotten, got to

Waingereza wanapenda "I've got a car" wakimaanisha nina gari. Hakuna kupata hapo, ni kuwa nacho tu, sawa na "I have a car". Wamarekani nao wana gotten, na siyo kosa kama baadhi ya walimu wetu wanavyosema, ni umbo la zamani ambalo wahamiaji walilichukua kwenda nalo Marekani, huku nyuma Uingereza ikaliacha, limebaki kwenye maneno kama forgotten na ill-gotten. Mmarekani akisema "I've got a ticket" anayo tiketi, akisema "I've gotten a ticket" ameipata. Sisi tunaofuata mitihani ya mtindo wa Uingereza tuandike got, ila tukisikia gotten kwenye muvi tusishtuke.

Sasa hii hapa inawachanganya hata watu wa miaka mingi. "I've got to see her" na "I got to see her". Ya kwanza ni lazima nimuone, sina budi, na watu wakiongea haraka inakuwa "I gotta see her". Ya pili ni nilipata nafasi ya kumuona, tayari nimeshamuona, na moyo umefurahi. Kwa maandishi tofauti ni ile 've tu, kwa maongezi inamezwa, na Mmarekani anaweza akaimeza kabisa akasema "I got to go" akimaanisha lazima niondoke. Utajuaje? Angalia wakati. Kama jambo bado halijatokea ni lazima. Kama anasimulia yaliyopita, "I got to meet my grandmother before she died", ni bahati aliyoipata. Ile geta ya kuweza ya Waviking inasikika hapa. Ukikanusha inakuwa "I never get to rest", na Kiswahili tunasema sipati hata nafasi ya kupumzika, kupata imerudi nyumbani.

Vineno vidogo

Over, by, along, through. Hapa ndipo watu wanakata tamaa, kuna orodha ndefu mitandaoni na mimi nasema usizikariri. Chukua hizi chache ambazo kazini na mtaani utazikuta kweli.

"Get along" ni kupatana, na ona kupatana imetoka wapi. "Get by" ni kubangaiza, unaishi ila kwa kuungaunga. "Get over" ni kupona jambo, mafua au mtu aliyekuacha. "Get through" ni kuvuka kipindi kigumu, na kwenye simu ni kumpata mtu hewani, "I couldn't get through" ni sikukupata hewani. "Get away with" ni kufanya kosa na usipate adhabu. "Get something across" ni kufikisha ujumbe ukaeleweka. "Get rid of" ni kuondoa, kuachana na kitu. "Get up" siyo wake up, wake up ni macho kufumbuka, get up ni kutoka kitandani, unaweza ukawa umeamka saa kumi na mbili ukatoka kitandani saa mbili.

"I'll get back to you" ni nitakurudia na jibu. Kwenye intavyuu wanaisema kwa kila mtu, kwahiyo usiende kuaga kazi yako ya zamani kwasababu ya sentensi hiyo, na pia usikate tamaa, andika meseji ya kuulizia baada ya muda kidogo, ni haki yako.

Siyo kila kupata ni get

Hii ni njia ya kurudi, na wengi wanaisahau. Amepata mtoto, usiseme "she got a baby", sema "she had a baby", maana ile ya kwanza inaweza kusikika kama amemtoa mahali. Amepata ajali ni "he had an accident" au "he was in an accident". Tumepata hasara, "we made a loss", tumepata faida, "we made a profit". Kupata chakula cha mchana ni "have lunch", ukisema "get lunch" umeenda kukinunua au kukitafuta. Kupata shida kwa ujumla ni "have problems", ukisema "get into trouble" umejiingiza kwenye matata, umekosana na mwalimu au na sheria. Na kisu kinachopata, kile kikali, ni "sharp" tu, get haihusiki kabisa.

Kwenye maandishi ya heshima

Walimu wa Uingereza kwa miaka mingi wamewakataza wanafunzi wao kujaza get kwenye insha, na kwa upande huo nawaunga mkono. Kwenye barua ya kazi au ripoti badilisha. "I got your letter" iwe "I received your letter". "I got a diploma" iwe "I obtained". "Tanganyika got independence in 1961" kwa maongezi sawa, kwenye mtihani andika "gained". "The situation got worse" iwe "became worse" au "worsened". Ila kwenye maongezi usifanye hivyo! Ukimwambia rafiki "I obtained some bread" utasikika kama unasoma hati ya mahakama. Wanaoongea Kiingereza kilichokakamaa mara nyingi ni watu wanaoikwepa get, wanaogopa kukosea, na ndiyo maana nimeandika yote haya.

Jipime

Chukua kipande hiki, usisome tafsiri kwanza. Kila ukikuta get simama, angalia kinachofuata, sema kazi yake.

"I got up late, got dressed quickly and got on the wrong bus. I got off at Ubungo and by the time I got to the office my boss was getting angry. I tried to get him to listen but he didn't get it. I didn't get fired, and I even got to explain myself later, but I've got to get my alarm fixed before things get worse."

Haya, kwa Kiswahili: Nilichelewa kutoka kitandani, nikavaa harakaharaka nikapanda basi ambalo silo. Nikashukia Ubungo na mpaka nafika ofisini bosi alikuwa anaanza kukasirika. Nikajaribu kumshawishi anisikilize ila hakunielewa. Sikufukuzwa, na baadaye hata nilipata nafasi ya kujieleza, ila lazima nikatengenezewe alamu yangu kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Hesabu kupata ngapi umeziona humo. Ni moja tu, pale kwenye nafasi ya kujieleza. Sasa chukua muvi yoyote ya Kiingereza yenye maandishi chini, sikiliza dakika kumi, kila get inayopita iandike pamoja na neno linaloifuata, usiandike get peke yake hata mara moja, alafu pembeni weka kitenzi cha Kiswahili ambacho mama yako angekitumia kusimulia jambo hilo hilo. Ukikwama kwenye moja iache, endelea na inayofuata, utaikuta tena kwenye muvi nyingine.